Bunduki: uibebe kwenye ndege, uitangulize, au ukakodi huko huko?

Ndani ya Marekani, abiria mwenye silaha halali haombi kibali cha kusafiri nayo kwa ndege. Anaitaja kaunta, anatia saini kadi, anafunga kasha lake, anakwenda zake. Ndiyo maana wengi wanaopanga safari ya kuwinda au ya mashindano ya shabaha huuliza kitu kimoja tu, kama shirika la ndege linaruhusu, na wakijibiwa ndiyo wanakata tiketi. Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. La kuulizwa kwanza ni jingine: kati ya nyumbani kwako na kule uendako, kasha hilo litarudi mikononi mwako mara ngapi, na mahali penye sheria ya nani?

Kila mahali linapoweza kurudi mikononi ni kiungo, na safari za silaha hukatikia kwenye viungo. Njia zilizopo ni tatu: kuibeba mwenyewe kama mzigo wa kukabidhi, kuitanguliza kwa mpokeaji mwenye leseni ya biashara ya silaha, au kuiacha nyumbani na kukodi kule uendako. Nitazipima kwa kigezo hicho. Bei na starehe zifuate nyuma.

| | Kuibeba | Kuitanguliza | Kukodi |
|---|---|---|---|
| Pesa inakwenda wapi | Kasha na makufuli, mara moja | Ada pande zote mbili na usafirishaji, kwenda na kurudi | Kodi ya kila siku |
| Inapofaa zaidi | Ndege moja isiyo na kituo | Bunduki ndefu, kambi ya mbali | Kuvuka mipaka ya nchi |
| Inapoharibikia | Kukwama jimbo lenye sheria kali | Bastola, na ratiba ya kubana | Silaha isiyokukaa begani |

Kuibeba mwenyewe

Masharti ya TSA, wakala wa usalama wa usafiri wa Marekani, ni machache. Silaha iwe tupu. Iwe ndani ya kasha gumu lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo au namba abaki nazo abiria peke yake. Itajwe kaunta kila safari, hata kama jana ulihudumiwa hapo hapo na mtu yule yule. Isafiri tumboni mwa ndege tu. Ili ihesabiwe tupu, pasiwe na risasi wala kipande cha risasi ndani ya chemba, kwenye silinda, au kwenye magazini iliyochomekwa. Magazini iliyochomolewa TSA inaikubali hata ikiwa na risasi, mradi imefungwa vizuri au imo ndani ya lile kasha gumu. Lakini yapo mashirika ya ndege yasiyotaka hivyo, na mhudumu wa kaunta anafuata kitabu cha shirika lake, si chako. Zitoe zote, zirudi kwenye boksi, mabishano yaishie hapo.

Vipande vidogo ndivyo vinavyowaponza watu. Bolti ya bunduki, yaani kile chuma kinachofunga chemba, pini, magazini hata iliyo tupu, vyote ni marufuku kwenye begi la mkononi. Darubini ya kulengea inaruhusiwa. Silaha za kuchezea na zile za sanamu nazo hukabidhiwa chini. Baruti nyeusi na fataki za gobore haziruhusiwi kabisa, juu wala chini, kwa hiyo anayewinda kwa gobore atabeba bunduki na kununua baruti akifika. Dawa ya kupulizia dubu nayo haipandi ndege, jambo linalowashangaza wengi: bunduki inapita, kopo la pilipili linabaki.

Kwenye risasi, TSA inaangalia ukubwa na kifungashio. Zisizidi kipenyo cha inchi 0.75, au ziwe za marisau za ukubwa wowote, ndani ya boksi la karatasi ngumu, mbao, plastiki au chuma lililotengenezwa kubebea risasi. Zilizomwagwa kwenye soksi au mfuko wa nailoni hazikubaliki. Uzito ni suala la mashirika ya ndege, na kiwango kilichozoeleka duniani ni kilo 5 kwa abiria, kwa matumizi yake mwenyewe. Wasafiri wawili hawaruhusiwi kuunganisha kilo zao 10 kwenye boksi moja.

Kilo 5 ni nyingi au chache kutegemea unakwenda kufanya nini. Mwindaji wa swala mwenye bunduki ya .30-06 akibeba risasi 40 atakuwa na kilo moja na kidogo. Nafasi anayo tele. Mwenye bastola ya milimita 9 anafika risasi 400 hivi kabla ya kugusa kikomo. Mlenga visahani vinavyorushwa hewani ndiye anayeumia: boksi moja la marisau ya namba 12, risasi 25, lina zaidi ya kilo moja, kwa hiyo kikomo chake ni maboksi manne. Risasi 100 zinaweza kwisha siku ya kwanza kabla ya chakula cha mchana. Huyo abebe bunduki yake na aagize risasi klabu anakokwenda, tena aagize mapema, maana siku ya mashindano kila mgeni anataka aina ile ile.

Kaunta kwenyewe mambo ni ya dakika chache ukiwa umejiandaa. Mashine za kujihudumia hazikamilishi kazi hii, wala wale wapokea mizigo wa nje mlangoni kwa kawaida. Panga foleni, na ukifika sema kwa sauti ya kawaida kwamba una silaha tupu ya kutaja. Usifungue kasha mpaka uambiwe. Utapewa kadi, utatia saini kwamba silaha haina risasi, kadi itawekwa ndani. Ndani, si nje: sheria ya shirikisho inamkataza msafirishaji kudai lebo yoyote nje ya begi inayotangaza kwamba mna bunduki. Mhudumu mgeni kazini akitaka kubandika kitu cha namna hiyo juu ya kasha, omba kwa adabu aitwe msimamizi.

Kisha subiri. Kwenye viwanja vingine begi hukaguliwa mbele yako, kwingine linaenda chumba cha nyuma na wewe unaambiwa ukae karibu. Usikimbilie ukaguzi wa abiria. Wakitaka kufungua kasha na mwenye ufunguo ameshavuka, kasha halipandi ndege.

Na kabla ya yote hayo, pekua begi la mkononi. Mwaka 2024 TSA ilikamata bunduki 6,678 kwenye vituo vya ukaguzi wa abiria, na takriban asilimia 94 zilikuwa na risasi. Maelezo ya wengi ni yale yale, kwamba walisahau imo. Faini ya kiraia inaweza kufika maelfu mengi ya dola, mbali na kesi ya jinai kwa sheria za jimbo husika. Begi unalokwenda nalo kwenye uwanja wa shabaha lisigeuzwe kuwa begi la safari, hata ukilikung'uta mara tatu.

Kasha: dogo ndani ya sanduku la nguo, au refu linalosimama lenyewe?

Hapa ndipo panapostahili pesa na muda wako, kuliko hata tiketi.

Kanuni inataka kasha ambalo silaha haifikiki bila kufungua kufuli. Boksi la plastiki lililokuja na bastola kutoka dukani mara nyingi halitoshi. Lijaribu hivi: lifunge kwa kufuli moja, shika pembe iliyo mbali na kufuli, ivute kwa vidole viwili. Kama ufa unafunguka kiasi cha kidole kupenya, mkaguzi atafanya hivyo hivyo na atakurudisha. Kasha zuri lina matundu ya kufuli kila upande, na matundu yote yanatakiwa yatumike. Bastola inahitaji walau mawili; kasha refu la bunduki lina manne mpaka sita, na ukiacha moja wazi umelegeza pembe nzima.

Kufuli la aina gani? TSA inakubali kufuli lolote. Wengi wananunua yale yenye alama ya kufunguliwa na wakaguzi kwa ufunguo wao mkuu, wakidhani ndiyo yanayotakiwa. Kwa sanduku la nguo sawa, kwa kasha la silaha hapana. Picha ya funguo hizo kuu ilichapishwa gazetini mwaka 2014, na mwaka uliofuata michoro ya kuzichonga kwa mashine za kuchapa vitu ikazagaa kwenye intaneti. Kanuni yenyewe inasema ufunguo abaki nao abiria peke yake. Kufuli ambalo nusu ya dunia ina ufunguo wake linapingana na roho ya kanuni hiyo. Nunua makufuli ya kawaida, mazito, yanayofunguka kwa ufunguo mmoja yote. Sanduku la nje linalobeba kasha dogo ndilo livishwe kufuli la wakaguzi, ili wakitaka kupekua nguo zako wasilivunje.

Kwa bastola sioni mjadala: kasha dogo la chuma ndani ya sanduku la kawaida, lililofungwa kwa waya kwenye fremu ya mkono wa sanduku. Ukishaondoka kaunta, kwa yeyote anayelitazama kwenye mkanda wa mizigo hilo ni sanduku la mtu aliyetoka kutembelea ndugu. Uzito unaoongezeka ni kilo moja au mbili. Unarudi nyumbani na nguo zako, silaha yako na begi moja tu la kulipia.

Bunduki ndefu ndiyo yenye kufikirisha. Kasha refu la plastiki nene lina kilo 7 hadi 9 likiwa tupu. Weka bunduki yenye darubini, kilo 4 au zaidi, na risasi, na kikomo cha kilo 23 hakiko mbali. Vipimo navyo: mashirika mengi yanataka urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158, na kasha la sentimita 130 linazidi kikomo hicho bila ubishi. Mengi yanasamehe ukubwa kwa vifaa vya kuwinda na kulenga, lakini uzito hayasamehi. Uliza kabla, na jibu liwe la maandishi kutoka kwenye ukurasa wao wa sasa, uchapishe.

Tatizo kubwa la kasha refu si uzito, ni umbo. Halifanani na kitu kingine chochote. Kila mtu kwenye mkanda wa mizigo anajua mna nini ndani, na mwizi hahitaji kukisia. Kwa hiyo kama bunduki yako inatenganishika, itenganishe. Bunduki ya marisau ya mitutu miwili inakatika katikati kwa sekunde chache na kuingia kwenye kasha la chini ya sentimita 90, linaloweza kulala ndani ya begi kubwa la michezo. Baadhi ya bunduki za bolti zinauzwa zikiwa za kutenganishika, na kwa mtu anayeruka kila msimu naona zina thamani ya bei yake. Wenye bunduki za kawaida za bolti wabaki na kasha refu, watoe bolti na kuilaza kwenye sponji kando ya mtutu. Hailazimishwi, ila mkaguzi akifungua anaona mara moja kwamba silaha haiwezi kufyatua, na mazungumzo yanakuwa mafupi.

Darubini usiitoe kwa kuogopa itatikiswa, ingawa unaruhusiwa kuibeba mkononi. Ukiirudisha kwenye vishikizo vyake mara nyingi shabaha imehama. Iache mahali pake, ifunge kwa sponji, na ukifika piga risasi tatu nne za kujaribu kwenye karatasi kabla ya kuingia porini. Mwongozaji yeyote anayejua kazi atakudai hivyo hata kama umekuja kwa gari.

Jambo dogo la kumalizia kasha: yale yasiyopitisha maji yana vali ya kutoa hewa. Bila hiyo, kasha lililofungwa mahali pa juu, ambako hewa ni nyepesi, likishuka chini hunyonyana, na utauvuta mfuniko mbele ya watu kama uliobanwa kwa gundi. Angalia kabla ya kununua.

Kuitanguliza

Kwa karatasi njia hii ni safi. Sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kujitumia mwenyewe bunduki kwenda jimbo jingine anakokwenda kuwinda, chini ya uangalizi wa mtu aliye huko, na anayefungua kifurushi awe mwenyewe. Kwa vitendo mlango umebana. Kampuni kubwa za vifurushi zinapokea silaha kutoka kwa wenye leseni tu, kwa hiyo unampa muuzaji wa kwenu, yeye anamtumia mwenye leseni wa kule, na kila mmoja anatoza ada yake. Kurudi ni hivyo hivyo.

Kisha kuna kipengele ambacho wengi wanakigundua wakiwa wamesimama dukani ugenini. Mwenye leseni akishaiingiza silaha kwenye daftari lake, kukukabidhi ni kama mauzo: fomu, kitambulisho, ukaguzi wa rekodi zako, ingawa ni bunduki yako tangu zamani. Na bastola haruhusiwi kumkabidhi mkazi wa jimbo jingine. Kwa ufupi, bastola isitangulizwe; itakukalia kule mpaka irudishwe kwa muuzaji wa jimbo lako.

Inakofaa ni safari ndefu ya kuwinda kwa bunduki ndefu, yenye ndege ndogo za mwisho ambazo rubani anapima kila kilo, na ambako kampuni inayokuongoza ina mwenye leseni wake aliyezoea kupokea. Hapo unavuka viwanja vyote na begi la nguo tu, hakuna kiungo hata kimoja chenye silaha mkononi. Itume wiki mbili tatu kabla, si siku tatu.

Kukodi

Sheria ya Marekani inaruhusu kumkodisha au kumwazima mgeni wa jimbo jingine bunduki kwa muda, kwa michezo halali, mradi si mtu aliyekatazwa kumiliki silaha. Kambi nyingi za kuwinda zina kabati la bunduki za wageni. Zinatunzwa vizuri kuliko mtu anavyodhani, maana mwongozaji anajua mnyama akijeruhiwa ni yeye atakayemfuata usiku.

Ubaya wake unaujua ukiiweka begani. Kitako kimekatwa kwa mtu mrefu, jicho lako haliipati darubini, kifyatulio kizito kuliko ulichozoea. Mwenye kutumia mkono wa kushoto mara nyingi hapati ya kwake kabisa. Kwa mwindaji wa kawaida anayepiga risasi moja au mbili kwa wiki nzima, kutoka mita 100 au 150, nusu saa ya mazoezi inatosha kuzoeana nayo. Kwa mlenga shabaha wa mashindano ni kujidanganya. Huyo bunduki yake ndiyo safari yenyewe, asiikodi, abebe.

Ukiamua kukodi uliza mambo mawili: aina na uzito wa risasi zitakazokuwepo, na urefu wa kitako. Kambi ikikujibu la pili kwa sentimita, una bahati, ni kambi ya watu makini.

Viungo

Kuna sheria ya mwaka 1986 inayomlinda mtu anayepita na silaha kwenye jimbo lenye masharti makali, kama silaha ni halali alikotoka na aendako, haina risasi na haiko karibu na mkono wake. Wasafiri wengi wanaijua na kuitegemea. Hawajui inapokatikia.

Mwaka 2005 mkazi mmoja wa Utah alikuwa anatoka Salt Lake City kwenda Allentown, Pennsylvania, kwa kupitia Newark. Bastola yake aliitaja, ilikuwa tupu, imefungwa, kila kitu sawa. Akakosa kuunganisha, begi akakabidhiwa, akalala hotelini New Jersey. Asubuhi alipoitaja tena kaunta kama inavyotakiwa, akakamatwa kwa kuwa na silaha bila kibali cha jimbo hilo. Alikaa mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini alipoishtaki mamlaka inayosimamia uwanja wa Newark, mahakama ya rufani ya shirikisho ilisema mwaka 2010 kwamba alipokuwa na begi hotelini silaha ilikuwa karibu na mkono wake, kwa hiyo ulinzi wa sheria ya 1986 haukumhusu. Majaji wenyewe walitaja njia ya kujiokoa: mtu aliyekwama anaweza kwenda kwa polisi wa uwanja au wahudumu wake kabla ya kulichukua begi.

Kuwa mwangalifu sana hapo. Begi likiwa mikononi mwa shirika la ndege liko safarini. Likiwa mkononi mwako, mko jimboni. Ndege ikiahirishwa New York au New Jersey, usiende kwenye mkanda wa mizigo. Nenda dawati la shirika, waambie begi lina silaha iliyotajwa, waombe libaki kwao mpaka ndege ya kesho. Ukilala bila mswaki hakuna polisi atakayekuuliza.

Kwa hiyo mtu mwenye kuchagua kati ya tiketi ya moja kwa moja na ile ya bei nafuu yenye kituo kwenye majimbo hayo, na yumo mbioni kubeba bastola, alipe ile ya moja kwa moja. Akishindwa, akodi au aiache. Hawaii nayo ina lake: mgeni anayefika na silaha anatakiwa kuisajili polisi ndani ya siku 5. Kwa mapumziko ya wiki moja ufukweni, sioni sababu ya kuibeba.

Alaska mambo yanageuka, na watu wanaokwenda kwa gari ndio wanaopata shida. Barabara inapita Canada, na Canada ilifunga kuingiza bastola mwaka 2022. Bunduki ndefu inahitaji fomu ya mgeni, ada ya dola 25 za huko, na inadumu siku 60. Anayetaka bastola yake ya kujikinga na dubu ataruka juu ya Canada kwa ndege ya moja kwa moja kutoka jimbo jingine la Marekani na kuichukua Anchorage bila kumuomba mtu fomu. Dawa ya kupulizia dubu atainunua dukani akifika.

Ukishavuka mpaka wa nchi, mambo hayafanani tena. Afrika Kusini inamtaka mgeni kibali cha muda, na fomu ya polisi yao inayoitwa SAPS 520 ndiyo mwanzo wake. Uwanja wa Johannesburg una ofisi ya polisi ya silaha ambako kasha linafunguliwa na namba za bunduki zinasomwa moja moja. Ndani ya Umoja wa Ulaya wakazi wana pasi ya silaha, lakini mgeni wa nje hana, na baada ya Uingereza kujitoa, pasi hiyo haifanyi tena kazi Uingereza. Usidhani kwamba begi lililowekewa lebo mpaka mwisho wa safari haligusi nchi ya katikati: anayepitia Amsterdam na bunduki anahitaji ruhusa ya forodha ya Uholanzi hata kama yeye hatatoka nje ya uwanja. Bila hiyo, begi linabaki Amsterdam na wewe unafika kambini na viatu tu.

Kwa safari za namna hiyo nakaa upande wa kukodi, isipokuwa kama unakwenda na bunduki uliyoizoea kwa mnyama mkubwa, ambapo kosa moja linamgharimu mtu uhai. Hapo ibebe, chagua njia yenye nchi chache iwezekanavyo hata kama ni ndefu zaidi, na mwachie kazi ya vibali mtu wa kampuni ya uwindaji anayekungoja. Malipo yake ni madogo kuliko simu za usiku kwenda ubalozini.

Kufika na kurudi

Tangu shambulio la Fort Lauderdale, Januari 2017, ambapo abiria alitoa bastola kwenye begi lake lililokabidhiwa na kuua watu watano kwenye eneo la mizigo, baadhi ya mashirika hayaweki tena makasha ya silaha kwenye mkanda. Yanapelekwa ofisi ya mizigo, unaonyesha kitambulisho, wakati mwingine unakuta yamefungwa kwa vishikizo vya plastiki ambavyo hutaweza kuvikata hapo. Nenda ofisini kwanza kabla ya kuanza kuzunguka na wasiwasi. Usifungue kasha ndani ya jengo kwa sababu yoyote, hata kuangalia kama darubini imepona.

Kurudi ndiko watu hujisahau. Risasi zilizobaki zinatakiwa kwenye boksi lake, na boksi la karatasi lililochanika porini halikubaliki. Chukua la plastiki la ziada. Viwanja vidogo karibu na maeneo ya kuwinda hufungua kaunta kwa saa chache tu kwa siku, na mhudumu ni mmoja. Aliyetoka nje ya Marekani na bunduki yake awe amepitia ofisi ya forodha kabla ya kuondoka na kupata fomu namba 4457, yenye namba ya silaha na muhuri. Inatolewa bure, na afisa lazima aione silaha kwa macho, kwa hiyo mpigie simu kwanza, usimtokee dirishani na kasha la bunduki.